Kibuyu Kilichooshwa

Wako watu wanaodhani kuonja pombe za watu ni starehe. Mimi niliwahi kuonja katika nyumba tisa kwa siku kumi na mbili, karibu safari yote kwa miguu, na mpaka leo nikisikia harufu ya asali iliyochacha, miguu huniuma kabla ya kichwa. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Balaa lile nililileta mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kwa majivu na maji ya moto.

Nilizaliwa upande wa Mhunze, kwenye mbuga za ng'ombe, ambako mtu akisema pombe ana maana ya pombe ya mtama. Nyuki tuliwajua kwa kutuuma tu. Nilisoma miaka mitatu shule ya misheni, na katika miaka hiyo nilijifunza kusoma, kuandika, kushona pindo, na usafi. Usafi hasa. Mwalimu wetu alikuwa mtawa mwenye sauti ndogo na macho makali, aliyetuambia kila Jumatatu kwamba ugonjwa hukaa kwenye chombo kichafu na kwamba mke mwema hujulikana kwa vyombo vyake. Somo hilo lilinikaa kuliko yote. Hesabu ingenikaa hivyo, ningekuwa karani.

Vita vya pili vilipokwisha nikaolewa na mtu wa mgodini, Geita. Yeye ni Msumbwa. Kwao ni porini kuelekea Ushirombo, nchi ya miombo na mizinga, na mama yake alikuwa amemfuata Geita baada ya kufiwa na mumewe. Tuliishi naye katika nyumba ya udongo na nyasi nje kidogo ya kambi ya wachimbaji. Mama mkwe wangu alikuwa akipika wanzuki, pombe ya asali. Wapikaji wengine walikuwapo kambini, watatu au wanne, lakini nyapara akiwa na sherehe alituma mtu kwetu. Jumapili mchana uani kwetu palijaa watu wa kila kabila, wamekaa juu ya magogo, kila mmoja na kata yake, wakionja taratibu na kubishana kama asali ya safari hii ni ya maua ya mti gani.

Siri, kama ni siri, ilikuwa kibuyu. Mama alipewa kibuyu hicho na mama yake mzazi siku alipoolewa. Ndani yake kulikuwa na chachu, utando wa rangi ya ugoro ulioganda ukutani, ambao hapo zamani za kale ulitokana na masega yenye watoto wa nyuki. Ukimimina asali na maji ya vuguvugu, utando ule ndio unaoiamsha. Pombe ikiisha kibuyu hakioshwi. Kinatundikwa juu ya mafiga, kinakaushwa na moshi, kinangoja asali nyingine. Kila alipopika, mama alikuwa akiinama asubuhi na jioni na kuweka sikio kwenye shingo ya kibuyu. Mara ya kwanza nilidhani anaomba. Siku ya tatu ya pombe ile akaniita nikasikilize na mimi. Nikasikia kama watu wanaonong'ona chumba cha pili.

"Imeamka," akasema. "Sasa tuiache iseme."

Lakini yote hayo sikuyaelewa wakati ule. Niliona mama mwenye heshima zake anapikia watu kwenye kibuyu kichafu, chenye miguu ya nyuki iliyokaukia ndani, na nilimwonea aibu kwa niaba yake. Na kuna jambo jingine nililolificha. Siku nilipoletwa kwa mume, mama alininywesha funda moja la wanzuki, maana kwao bibi harusi huonjeshwa pombe ya nyumba anayoingia. Mimi nilikuwa nimeahidi misheni kwamba pombe haitapita kooni mwangu. Nikaliweka funda shavuni, wanawake wakapiga vigelegele, na waliponifunika kanga nikalitema kwenye pindo. Hakuna aliyeona.

Mwezi wa nne wa ndoa yangu mama alikwenda msibani, akakaa huko siku tatu. Nikasema moyoni, nitamfurahisha. Nikakandika kuta upya, nikafagia paa masizi, nikasugua vyungu vyote mpaka vikaonyesha rangi vilizozaliwa nazo. Mwisho nikakishusha kibuyu. Nilichemsha maji, nikatia majivu, nikatia kokoto na mchanga, nikakitikisa mpaka mabega yakalegea. Maji yalitoka meusi. Nikarudia mara tatu, mpaka yakatoka meupe, nikakigeuza juani juu ya kichanja. Niliimba siku ile. Nakumbuka vizuri kwamba niliimba.

Mama aliporudi aliona kuta kwanza, akanisifu. Kisha akaona kichanja. Alikichukua kibuyu, akakigeuza, akatia pua, akaweka sikio. Halafu akakaa chini palepale uani, miguu mbele, mzigo wake bado umefungwa.

"Umekiosha?"

"Nimekiosha, mama. Kilikuwa na wadudu."

"Kwa kitu gani hasa?"

"Kwa maji ya moto na majivu. Na mchanga."

"Na mchanga," akasema.

Hakunipiga wala hakunitukana. Ingekuwa nafuu kwangu. Alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, ndipo akaniomba maji ya kunywa.

Ingekuwa ni pombe ya Jumapili tu, labda yangeisha hapo. Lakini wifi yangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa ameposwa na watu wa Shinyanga, na harusi ilikuwa baada ya mavuno ya pamba, miezi miwili mbele. Kwa desturi yao, wakwe wakija, mama wa binti huwapa kata ya kwanza ya wanzuki wa nyumba yake. Si wa jirani. Kuwapa wa jirani ni sawa na kuwapa binti wa jirani. Na kibuyu cha nyumba kilikuwa kinanuka majivu.

Shangazi yake mume wangu akaitisha kikao. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kusema, na hakuwahi kunipenda kwa sababu nilisoma. Alisema mbele yangu kwamba aliyeosha kibuyu cha nyumba ataosha na nyumba yenyewe, kwa hiyo nirudishwe kwetu kabla wakwe hawajasikia. Mume wangu alitazama viatu vyake vya kazi. Sikumlaumu sana siku ile, baadaye nilimlaumu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," shangazi akamaliza.

"Haya si maji," mama akasema. "Chachu yetu haikukaa kibuyu kimoja. Mama yangu aliwagawia wenzake kule kwetu, na wenzake wakawagawia mabinti zao. Iko. Nitakwenda kuitafuta na huyuhuyu aliyeiosha. Tukirudi mikono mitupu ndipo mtamrudisha kwao."

Basi ndivyo nilivyokwenda. Tulibeba michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa ajili ya njaa, kile kibuyu kitupu ndani ya kikapu, na donge moja la chumvi lililofungwa kwa majani.

Donge moja lina maana yake. Kule hauendi kwa mtu na kusema nipe chachu. Unafika kama mgeni, unasalimia, unakaribishwa kigoda. Mwenye nyumba anachota kwa kata, anakunywa kwanza yeye mbele yako ili ujue hakuna dawa, ndipo anakupa. Unaonja. Kama siyo unayoitafuta, unashukuru na kwenda zako. Kama ndiyo, unaweka chumvi chini, na hapo ndipo unasema shida yako. Chachu hainunuliwi, wanasema iliyonunuliwa hulala isiamke. Na chumvi ikishawekwa chini haiokotwi. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja tu, na mama alinieleza hayo mara nyingi mno, kana kwamba mimi ndiye niliyezoea kuokota vitu vilivyowekwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa Katoro, kando ya barabara. Mpikaji alikuwa mama mnene mcheshi aliyewauzia madereva wa malori. Kigoda kilikuwa hakijapoa joto la mteja aliyetangulia tulipokikalia. Mama alionja, akatulia, akanipa kata.

"Onja na wewe."

Nikakumbuka ahadi yangu ya misheni, nikakumbuka shangazi, nikanywa. Ilikuwa tamu tupu, sukari guru ya dukani imejazwa mahali pa asali. Mama akaniangalia usoni. Nikatikisa kichwa kidogo. Akashukuru, tukaondoka, na mimi njia nzima nikajisifu kwamba ananipima na nimefaulu.

Kuingia pori kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Siku zile malale yalikuwa yameua watu wengi, na serikali iliweka vibanda njiani, na mtu mwenye wavu wa kukamatia mbung'o kwenye nguo za wasafiri. Mlinzi alimzungusha mama, akampangusa mgongoni, akachungulia kikapu.

"Kibuyu kitupu kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda kwao," mama akajibu, mikono bado juu.

Nyumba ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Tulifika jua la saa saba, hatujala tangu alfajiri. Mpikaji alikuwa bibi mmoja aliyetetemeka mikono. Alikunywa, akampa mama, na kabla kata haijanifikia nilisikia harufu imenipanda puani. Ilikuwa siki. Imeharibika siku nyingi. Hata inzi walikuwa wanaikwepa. Mama alimeza, akasema kwa upole, "Imekaa vizuri." Nikadhani ni adabu. Lakini alinigeukia na macho yaleyale ya nyumba ya kwanza, akiuliza.

Tulipotoka nikamwambia, "Mama, ile ilikuwa siki."

Akahamishia kikapu mkono wa pili.

"Tangu ile homa ya mwaka juzi ulimi wangu umekufa, mwanangu, na pua pia. Chumvi naijua kwa kuiona. Nyumbani napika kwa mazoea na kwa sikio. Lakini pombe ya mtu mwingine, iliyokwisha kunyamaza, sina cha kuisikilizia."

"Sasa tutaijuaje?"

"Wewe ulionja siku ya kuletwa. Ulikunywa funda zima, nilikuona. Wewe ndiye ulimi."

Hapo ndipo uchovu wa safari ile ulipoanza hasa. Kabla ya hapo nilichoka miguu tu. Ningemwambia nini? Kwamba funda zima liliishia kwenye pindo la kanga? Kilichogusa ulimi wangu kilikuwa kidogo mno, na nilikikumbuka kwa shida: moshi kwanza, kisha asali, kisha uchungu fulani mwembamba nyuma ya koo, au labda uchungu ule ulikuwa woga wangu. Kwa kumbukumbu hiyo ndiyo nilipaswa kuchagua. Nikasema, "Sawa, mama." Nilikuwa mwoga, na njia ilikuwa ndefu, na mwoga akiwa njiani husema sawa kwa kila kitu.

Nyumba za katikati zimechanganyikana kichwani mwangu. Ubaya ni kwamba vijiji alivyovijua mama havikuwa mahali pake tena. Watu walikuwa wamehamishwa kwa ajili ya malale, wakakusanywa pamoja, wengine huku, wengine kule. Tulifika mahali alipoishi rafiki ya mama yake, tukakuta mafiga matatu na mti wa mpapai. Tukauliza, tukaelekezwa nyuma tulikotoka. Tukarudi. Siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, katika miombo isiyokuwa na majani, mbung'o wakituuma juu ya nguo. Usiku tulilala kwa wenyeji, kila siku ugali na mlenda, kila siku maswali yaleyale, mnatoka wapi, mnamtafuta nani, na mama akijibu kwa heshima ileile mpaka mimi nikawa naona haya kuwa nimenuna.

Nyumba moja tuliikaribia kwa matumaini makubwa, maana marehemu mwenye nyumba alipewa chachu na mama yake mama kwa mkono wake. Binti yake alitupokea vizuri. Alikuwa ameokoka pombe, akasema, hapiki tena. Mama akaomba basi autazame tu ule utando. Binti akaingia ndani, akatoka na kibuyu, na kabla hajafika nikajua. Alikuwa anawekea mafuta ya taa. Mama alikishika kidogo, akakirudisha kwa mikono miwili, akamshukuru. Nje ya kijiji alikaa juu ya kichuguu na kuvua katambuga moja ili atoe mwiba, na mwiba haukuwapo.

Nyumba nyingine walitupa pombe changa, nyingine nzito mpaka ilishika midomo, nyingine nzuri sana. Ile nzuri sana bado naikumbuka, ilikuwa na harufu ya maua, na nilitamani iwe ndiyo. Lakini haikuwa na moshi hata chembe, nikatikisa kichwa. Asubuhi za kufikia mwisho nilianza kutapika. Nilienda nyuma ya miti nisionekane. Nilisema ni pombe za watu.

Nyumba ya tisa ilikuwa mbele ya Ushirombo, mwendo wa nusu siku. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Mama yake, alisema, alipata chachu kwa bibi fulani, na bibi yule kwa mtu ambaye hakumjua jina. Huenda ni mama yake mama. Huenda siye. Mizinga ilikuwa imening'inia juu ya miti nyuma ya nyumba, nyuki wanavuma, na kando ya mafiga yake kiliegemezwa kibuyu cheusi kama kilivyokuwa chetu kabla yangu.

Akachota. Akanywa kwanza, kata ikabaki nusu, akampa mama. Mama akagusa midomo, akanipa.

Moshi ulikuwapo. Asali ilikuwapo. Nikangojea uchungu nyuma ya koo. Nikameza tena. Kulikuwa na kitu, au nilitaka kiwepo. Siku kumi na mbili nilikuwa nimeita kumbukumbu ile kila nyumba, na kwa kuiita sana ilikuwa imechakaa. Sikujua tena kama naonja kilichokuwa kwenye kata au nilichokuwa nimejisimulia njiani. Ukweli ni huo. Sikujua.

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa kigodani, mikono magotini, hatazami kata, ananitazama mimi. Nyufa za visigino vyake zilikuwa zimetoa damu ikakaukia kwenye raba ya katambuga. Mbele ya nyumba hii kulikuwa na nyumba nyingine, mwendo wa siku mbili, na mbele ya hiyo sijui. Na nyuma yetu kulikuwa na shangazi.

"Ndiyo hii, mama," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akafungua majani, akaweka donge la chumvi chini.

Mwenye nyumba aliitazama chumvi, kisha akasikiliza shida yetu yote, mchanga ukiwemo, na hakucheka. Akamimina mashapo ya kibuyu chake ndani ya chetu, akakizungusha polepole kila upande, akakiziba kwa jani la mgomba. Akamwambia mama akibebe yeye mwenyewe, asinipe mimi. Hilo nilistahili.

Kutoka Runzewe tulipata lori la pamba, tukakaa juu ya marobota. Mama alilala njia nzima, kibuyu kimepakatwa kifuani. Mimi sikulala.

Tulipofika alipika siku iyo hiyo, asali kidogo ya kujaribia. Siku ya pili asubuhi nilitoka na ndoo nikamkuta ameinama, sikio kwenye shingo ya kibuyu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikasimama, ndoo mkononi, nikingoja hukumu. Akainuka, akashika kiuno.

"Kuni zimekwisha," akasema. "Kalete kuni."

Harusi ilikwenda salama. Wakwe kutoka Shinyanga walikunywa kata ya kwanza, wakapiga makofi, wakaomba ya pili. Shangazi aliionja kwa muda, akaizungusha mdomoni mbele ya watu wote, akatangaza kwamba ndiyo yenyewe, pombe ya nyumba ile haijifichi. Kutoka siku hiyo hakunisema tena kwa kibuyu, alinisema kwa mengine. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kutapika kule hakukuwa kwa pombe. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mvua za masika zilipoanza.

Miaka ikaenda. Mikono ya mama ilipokufa ganzi, nikawa napika mimi, naye anakaa kando ananielekeza. Asali kiasi hiki, maji yasiunguze kidole, usikoroge kama uji. Jumapili watu walijaa uani kama zamani na kuulizana ni maua ya mti gani. Walisifu pombe ya mama, na kila waliposifu nilitazama chini. Wakasema mkamwana huyu ana adabu. Nilikaa na uongo ule kama mtu anavyokaa na jino bovu: siku nyingine linauma, siku nyingine unalisahau na kutafunia upande wa pili.

Mwaka aliougua mama hasa, watoto wangu walikuwa wanne. Alilala kwenye mkeka barazani, mchana, kwa sababu ndani alisema panamkaba. Nilikuwa nimepika. Ilikuwa siku ya pili. Akaniomba nimletee kibuyu kile. Sikumwuliza cha nini. Nikakiegemeza karibu na kichwa chake, akageuza shingo kwa shida na kuweka sikio.

"Inanong'ona," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku ya pili."

Nikakishika kibuyu kisimwangukie.

"Ya mama yangu ilinong'ona siku ya tatu. Haikuwahi kuwahi, wala kuchelewa. Hii tangu tulipoileta inanong'ona siku ya pili."

Nikapiga magoti pembeni ya mkeka.

"Ulijua tangu ile asubuhi ya kuni."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ulikuwa na mimba, wewe hujui, mimi nilikuona ukitapika nyuma ya miti. Ningekurudisha porini kufuata nini? Na mimi mwenyewe, mwanangu, nilikuwa nimechoka. Wewe ulidhani ni wewe peke yako uliyechoka."

Nikalia. Sikulia vizuri, nililia kama mtu anayekohoa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kutapika mambo, nikatapika yote. Nikamwambia kwamba sikuwahi kuwa ulimi, kwamba funda la siku ya kuletwa sikulimeza, lilikwenda kwenye kanga. Hilo hakuwa amelijua. Alinitazama, macho yakamtoka, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mgonjwa, kikawa kikohozi, nikamwinua na kumpigapiga mgongoni.

"Siku kumi na mbili," akasema alipopata pumzi. "Siku kumi na mbili nimetembea nyuma ya kanga."

"Nisamehe, mama."

"Nilikwisha kukusamehe."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Nikataka kukiondoa kibuyu, akakishika kwa vidole vyake viwili vilivyokuwa bado vinashika.

"Ya mama yangu iliisha kwa mkono wako. Hii imeanza kwa mkono wako. Basi si yangu, ni yako, usijifiche nayo tena," akasema. "Na huyo mkamwana utakayeletewa, mwambie mapema asikioshe."

Alizikwa wiki hiyo. Matangani nilipika kwa kibuyu hicho, kikanong'ona siku ya pili, na shangazi alipoionja akasema machozi yakimtoka kwamba hii ndiyo pombe ya marehemu, hakuna atakayeipika tena.

"Ni yangu, shangazi," nikamwambia. "Ya marehemu niliiosha."

Akafuta machozi. Kisha akainyoosha kata yake, nikamwongezea.